Mtambwe Mkuu: Kilima Kisicho na Kitu?

Kusini ya mji wa Wete, ng'ambo ya hori, kipo kilima kifupi kilichozungukwa na bahari na mikoko. Hapo ndipo Mtambwe Mkuu. Maji yakijaa huwa kisiwa. Maji yakipwa mtu huvuka kwa miguu, kisha akapanda taratibu. Kupanda kwenyewe si kazi. Mgeni akifika juu, husikia upepo tu, akauliza: "Mbona hapa hapana kitu?"

Swali hilo lina jibu. Mwaka 1984, katika utafiti wa mambo ya kale ulioongozwa na Mwingereza Mark Horton, zilipatikana hapo sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu. Zilikuwa zimefukiwa tangu karne ya 11.

Dinari hizo, zikiwamo za Wafatimi wa Misri, zinaonyesha biashara ya mji huu ilifika mbali. Lakini ajabu kubwa ni zile za fedha. Ni ndogo mno, kama magamba ya samaki, wala hazikuletwa na meli kutoka ng'ambo. Zilipigwa chapa hapa hapa pwani yetu, kwa majina ya watawala wa pwani, mmoja wao Ali bin al-Hasan. Tena maneno yake ya Kiarabu yana vina: upande mmoja huanza, wa pili hukamilisha.

Naye mwanajiografia Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, aliandika kwamba Pemba, aliyoiita Kisiwa cha Kijani, ilikuwa na miji miwili, mmojawapo Mtambwe, na kila mji ulikuwa na sultani wake.

Wengi wetu tukitaja utajiri wa Pemba huanza na karafuu. Karafuu ni mazao ya karne ya 19. Zaidi ya miaka 700 kabla yake, watu wa kisiwa hiki walikuwa na miji, watawala na fedha zao wenyewe.

Kwa hiyo, anayekwenda kuchimba magofu kwa tamaa ya hazina ajue anachoharibu. Sarafu iliyong'olewa mahali pake bila kuandikwa ilikolala na vigae ilivyolala navyo, hubaki kipande cha madini tu. Haiwezi tena kutueleza sisi ni nani. Mkipanda Mtambwe Mkuu, pandeni kwa heshima, mshuke mikono mitupu.