Asubuhi Mbili za Farasi

Waswahili tumezoea kusema kwamba nyota njema huonekana asubuhi, na methali hiyo tumeitumia kumsifu mtoto aliyewahi kusoma, na duka lililoleta faida mwezi wa kwanza, na hata jahazi lililopata upepo mzuri mara lilipong'oa nanga. Lakini wako watu ambao kwa muda wa zaidi ya miaka 200 wameijaribu methali hiyo kwa mali yao, na aghalabu kwa mali ya wengine, wala hawakuiona kuwa kweli tupu wala uongo mtupu. Watu hao ni wafugaji na walimu wa farasi wa mashindano katika Uingereza, ambao kila mwaka, baridi inapoanza kulegea mwezi wa Machi na Aprili, husimama katika nyanda za Newmarket na kwingineko wakiwatazama farasi wachanga ambao hawajapata kushindana, nao hujiuliza yupi atawatajirisha na yupi atakula chakula cha bure.

Habari hii si ya ugenini kabisa kwa msomaji wa pwani. Mwaka 1704 Thomas Darley, mfanyabiashara wa Kiingereza aliyekuwa akikaa Halab katika nchi ya Sham, alipeleka kwao Yorkshire farasi dume wa Kiarabu, na dume huyo, pamoja na wengine wawili waliotoka Mashariki, ndio watatu ambao nasaba ya kiumeni ya farasi wote wa mashindano inaishia kwao. Kutoka kwa Waarabu hao hao sisi tulipokea maneno ya kazi hii: hatamu na lijamu, seruji ya kupandia, na saisi anayemtunza mnyama, tukapokea na neno farisi, ambalo asili yake ni mpanda farasi, lakini katika lugha yetu limekuwa jina la mtu yeyote aliye bingwa wa jambo lake. Kwa hiyo tunapowaita mafarisi wale Waingereza wenye kubaini ubora wa mnyama kwa jicho, hatuwapi jina la kuazima, bali tunalirudisha neno kwenye seruji lilikotoka.

Zamani hizo za kwanza hapakuwa na haraka. Farasi aliachwa akue mpaka miaka 4 au 5, kisha akashindanishwa masafa ya maili 4, pengine zaidi ya mara moja kwa siku, hata aliyemkagua alikuwa kana kwamba anamkagua mtu mzima, ambaye mifupa yake imekwisha kukaza na tabia yake imekwisha kujulikana. Hata hivyo macho yalikosea. Mwaka 1764, jua lilipopatwa, alizaliwa katika mazizi ya Mtawala wa Cumberland farasi mwekundu mwenye mguu mmoja mweupe wa nyuma, akaitwa Eclipse kwa ajili ya tukio hilo. Alikuwa kilembwe cha yule dume wa Darley. Mwaka uliofuata bwana wake alifariki, mali ikanadiwa, na baba yake Eclipse, aliyeitwa Marske, akauzwa kwa thamani duni, kwa kuwa hapana aliyemtazamia kuzaa cha ajabu. Mwana mwenyewe akaangukia mikononi mwa William Wildman, mtu wa biashara ya nyama katika soko la Smithfield, London. Eclipse alikuwa na hasira kali, akamsumbua kila aliyemkaribia, wala hakushindana mpaka alipotimiza miaka 5.

Mwaka 1769, siku chache kabla ya mashindano yake ya kwanza, alijaribiwa kwa siri katika uwanda wa Epsom. Inasimuliwa kwamba wadukizi waliotumwa na wacheza dau kuja kupeleleza jaribio hilo walichelewa, wakakuta uwanda mtupu, wakamuuliza bibi kizee aliyekuwa njiani kama ameona mbio za farasi. Bibi akawajibu kwamba hajui kama zile zilikuwa mbio ama sizo, ila ameona farasi mwenye mguu mweupe akipita kama aliyerukwa na akili, na mwingine nyuma yake, mbali sana, ambaye hata akimfuata mpaka mwisho wa dunia hatamfikia. Wadukizi wakarudi mbio kuweka dau zao. Eclipse alishindana mara 18 wala hakushindwa, na leo zaidi ya farasi tisa katika kila kumi wa mashindano wanatokana naye kwa upande wa kiumeni. Bibi yule hakujua magoti wala mabega ya farasi. Alisema alichokiona, na huenda hiyo ndiyo sababu hakukosea.

Lakini zama za uvumilivu zilikuwa zikiisha. Kumweka farasi miaka 5 bila ya kupata kitu, ukimlisha, ukimlipa saisi wake na mhunzi wa kwato zake, ni gharama isiyostahimiliwa ila na wenye nasaba na mashamba. Na wacheza dau nao walitaka mbio fupi, zenye farasi wengi, ambazo matokeo yake hayajulikani. Mwaka 1776 yalianzishwa huko Doncaster mashindano ya farasi wa miaka 3, ambayo baadaye yaliitwa St Leger. Mwaka 1780 yakafuata yale ya Derby katika Epsom. Na mwaka 1786 Newmarket ikaweka July Stakes, ya farasi wa miaka 2. Kisha mwaka 1809 yakaja 2000 Guineas, na mwaka 1814 yakaja 1000 Guineas ya majike peke yao, yote mawili ya maili moja, yote mawili mwanzoni mwa msimu, wakati ambapo farasi wa miaka 3 hajamaliza hata kupukutisha manyoya ya baridi. Hivyo, katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja, kazi ya farisi iligeuka: zamani aliulizwa farasi huyu ni nani, na sasa akaulizwa farasi huyu atakuwa nani.

Na swali hilo lilizidishwa ugumu na kalenda. Sheria iliamuru kwamba farasi wote wahesabiwe kuwa wamezaliwa siku moja, ili pasiwe na ugomvi juu ya umri. Hapo kwanza siku hiyo ilikuwa 1 Mei, ambayo ilikubaliana na maumbile, maana jike huchukua mimba miezi 11 na hupenda kuzaa majani yanapochipuka. Lakini mwaka 1834 wakubwa wa Newmarket waliifanya 1 Januari, na baadaye viwanja vingine vikafuata. Tokea hapo mwana aliyezaliwa Januari na mwana aliyezaliwa Mei wakawa rika moja kwa sheria, ingawa si rika moja kwa mifupa. Mwezi wa Aprili, wanapotolewa kushindana kwa mara ya kwanza, mmoja ana miezi 27 na mwenzake ana miezi 23, nao wote wawili huandikwa kuwa wa miaka 2. Anayemwona yule wa kwanza akimpita wa pili aweza kudhani kwamba ameona ubora, kumbe ameona miezi minne.

Kwa sababu hiyo mwalimu mwenye busara hakuanza kazi yake katika uwanja wa mbio, bali bandani, alfajiri, kabla taa haijazimwa. Jambo la kwanza alitazama hori, kuona kama chakula cha usiku kimemalizwa, kwa kuwa farasi mchanga anayebakiza chakula baada ya kukimbizwa jana anasema kwa njia yake kwamba kazi imemzidi. Kisha aliinama, akapitisha kiganja chake polepole kutoka gotini mpaka kwenye kifundo, mguu wa mbele wa kushoto kwanza, halafu wa kulia, akitafuta joto. Maana mifupa ya miundi ya mnyama huyu mchanga huuma upesi anapokimbizwa juu ya ardhi ngumu, na joto la kiasi kidogo chini ya kiganja hutangulia kilema kwa siku kadhaa. Baadaye alisimama ubavuni, hatua kumi hivi, akapima kwa jicho mstari wa mgongo: farasi ambaye kiuno chake kimeinuka kuliko mabega bado anakua, naye ni kama nyumba ambayo ukuta wa nyuma umekwisha na wa mbele unangoja mawe. Yule aliye sawa mbele na nyuma, mwenye mapaja yaliyojaa, mfupi wa miguu, amekwisha kukaza mapema, na huyo ndiye atakayeshinda Aprili. Je, atashinda na Septemba? Hilo kiganja hakilisemi.

Baada ya jicho na kiganja likaja jaribio. Mwalimu alimchukua farasi mzee anayejulikana barabara, ambaye mbio zake hazizidi wala hazipungui, akamfanya mizani ya kupimia wachanga. Na kwa kuwa mkubwa hana haki ya kulingana na mdogo, alimtwisha uzito zaidi, vipande vya risasi vikishonewa katika seruji kwa siri, hata wapandaji wenyewe wasijue nani amebeba ratili ngapi. Henry Rous, aliyekuwa jemadari wa bahari kabla ya kuwa kadhi wa viwanja vya mbio, alitengeneza katikati ya karne ya 19 jedwali la kuonyesha farasi wa kila umri abebe uzito gani kwa kila mwezi na kila masafa, tofauti ikipungua kadiri mwaka unavyosonga na mdogo anavyopata nguvu. Jedwali hilo limerekebishwa mara nyingi, lakini msingi wake haujang'olewa. Ni ungamo, lililoandikwa kwa tarakimu, kwamba Aprili si Oktoba, na kwamba hukumu juu ya kiumbe anayekua haina budi kutaja tarehe.

Lakini wenye mali si watu wa kungoja. Mwaka 1849 yaliwekwa katika mji wa Lincoln mashindano ya Brocklesby, thumuni 5 za maili, mwanzoni kabisa mwa msimu, kwa farasi wa miaka 2. Nayo yakawa mlango ambao kila mwaka wachanga huuingia kabla ya wenzao. Walikuwako waliokasirika. Sir Joseph Hawley, ambaye farasi wake Blue Gown alishinda Derby ya mwaka 1868, alinena kwa nguvu kwamba kuwakimbiza watoto hawa mapema ni kuwaharibu, akataka wasishindane kabisa kabla ya Julai. Na kwa miaka michache palikuwa na sheria ya kuwazuia mpaka Mei, kisha ikafutwa, kwa kuwa waliotaka kupata faida ya mapema walikuwa wengi kuliko waliotaka kuingoja.

Insafu yatulazimisha kusema kwamba methali yetu haikukosa mashahidi. Mwaka 1888 farasi aitwaye Donovan alishinda Brocklesby, na mwaka uliofuata Donovan huyo huyo akachukua Derby na St Leger, akikosa 2000 Guineas kwa urefu wa kichwa tu. Hiyo ndiyo nyota iliyoonekana asubuhi na ikaonekana hata magharibi.

Lakini miaka mitatu kabla yake mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1885 mshindi wa Brocklesby alikuwa The Bard, farasi mdogo wa umbo, mwekundu, aliyekwisha kukaza mwezi wa Machi. Akatoka Lincoln akaendelea kushinda, kiwanja baada ya kiwanja, mpaka mwaka ukaisha ameshinda mara 16 katika mara 16. Wakati alipokuwa akipongezwa, katika mazizi ya Kingsclere alikuwako mwenziwe, aliyezaliwa kama yeye mwaka 1883, mwana wa Bend Or na Lily Agnes, mali ya Mtawala wa Westminster, aliyeitwa Ormonde. Huyo alikuwa mkubwa wa mwili, na majira ya baridi kabla ya msimu huo alitoka vinundu vya mfupa chini ya magoti yote mawili. Mwalimu wake, John Porter, aliyasimamisha mazoezi. Machi ikapita, Aprili ikapita, wenzake wakashindana na kusifiwa, naye Ormonde hakuonekana uwanjani mpaka Oktoba, aliposhinda mara tatu.

Mwanzoni mwa msimu wa 1886 watu wengi hawakumweka mbele. Walimtaja Minting, wakamtaja The Bard. Mwezi wa Aprili, katika 2000 Guineas, Ormonde alimshinda Minting. Na tarehe 26 Mei, huko Epsom, ambako bibi kizee alikuwa amewapa wadukizi habari ya Eclipse miaka 117 nyuma, walikutana yule wa Machi na yule wa Oktoba. Fred Archer alikuwa juu ya Ormonde. The Bard alikimbia kwa ushujaa uliomstahili, wakaja wawili hao peke yao, wengine wakiwa nyuma, na Ormonde akashinda kwa urefu wa farasi mmoja na nusu. Mwaka huo akachukua na St Leger, na alipostaafu mwaka 1887 hesabu yake ilikuwa mara 16 bila ya kushindwa, sawasawa na ile ambayo The Bard aliimaliza kabla hajatimiza miaka 3.

Namba ni moja, na mnyama mmoja alihitaji kwa hiyo msimu mmoja na mwingine mitatu. Kwa nani nyota ilionekana asubuhi? Kwa wote wawili, nadhani, isipokuwa asubuhi ya mmoja ilikuwa ya kalenda na ya mwenzake ilikuwa ya mifupa. Mashindano ya Brocklesby yangali yakikimbiwa, siku hizi katika Doncaster, kwa kuwa kiwanja cha Lincoln kilifungwa mwaka 1964. Na alfajiri ya kila siku kabla yake, katika mazizi ya Kaskazini na ya Newmarket, mtu huinama na kushika mguu wa farasi mchanga. Akikuta joto chini ya goti, humrudishia saisi hatamu, na farasi huyo siku hiyo hatoki.