Mnara Nao Una Mapigo Yake

Ukiutazama mnara wa kengele toka chini, waonekana umesimama kimya. Lakini hautulii. Upepo ukivuma, magari yakipita, kengele zikilia, mnara hutikisika kidogo sana, macho yasione. Kila mnara una mwendo wake wa kutikisika, kama vile kila ngoma ina mlio wake.

Wenye elimu walijifunza kuusikiliza mwendo huo. Tetemeko la nchi lilipobomoa nyumba za Long Beach, Marekani, mwaka 1933, Wamarekani waliyapima majengo mengi ya California. Hawakuyatikisa wao, waliweka chombo ndani yake, wakauacha upepo na magari vifanye kazi. Mwaka 1936 D. S. Carder alitangaza vipimo hivyo.

Vyafaa nini? Jengo gumu hutikisika upesi. Kuta zikipasuka, ugumu hupungua, na mwendo huwa wa polepole. Ngozi ya ngoma ikilegea, mlio wake si ule wa jana. Basi, anayeujua mwendo wa kwanza ataweza kuutambua ugonjwa.

Nao ugonjwa huo waua. Huko Pavia, Italia, mnara wa mji ulisimama kando ya Kanisa Kuu tangu karne ya 11. Tarehe 17 Machi 1989 ukaanguka ghafula, pasipo tetemeko lolote, ukaua watu 4. Wachunguzi waliona kwamba uzito wake wenyewe uliuchosha ukuta miaka mingi.

Huko Perugia, katika abasia ya Mtakatifu Petro ya Wabenedikto, Chuo Kikuu kiliweka vyombo mnarani mwaka 2014. Mnara huo, wenye urefu wa meta 61 hivi, hutikisika karibu mara 3 katika sekunde 2. Mwaka 2016 matetemeko yaliipiga Italia ya kati; tarehe 30 Oktoba Basilika ya Mtakatifu Benedikto ya Norcia ikabomoka. Mnara wa Perugia ulisimama, lakini mwendo wake ulipungua kidogo. Joto na baridi navyo huubadili mwendo huo. Wapimaji walipokwisha kuviondoa katika hesabu, wakajua kwamba kilichobaki ni jeraha.

Ndugu wasomaji, chombo hakiuzuii mnara usianguke. Kazi yake ni kuwaonya watu mapema, wafunge mlango na kutengeneza ukuta, kabla waamini hawajakusanyika chini yake.