Nani Anaongoza Swichi: Umeme wa Nyumbani Nyanda za Juu Kusini

Zamani Iringa na Mbeya zilipata umeme kutoka kwenye mito ya karibu. Kituo cha Tosamaganga, kwenye Mto Ruaha Mdogo, kilikuwa na uwezo wa takriban megawati 1.2, na kile cha Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, kilikuwa cha kilowati 340 tu. Umeme huo ulikuwa haba, lakini mtambo, fundi na mtumiaji walikuwa jirani. Kituo cha umeme wa maji cha Kidatu kilianza kuzalisha mwaka 1975, na katika miaka ya 1980 gridi ya Taifa ikafika Mbeya. Umeme uliongezeka sana. Uongozi wake nao ukahamia mbali: tangu hapo taa ya Uyole au Mafinga inategemea chumba cha kuongozea gridi kilichopo Ubungo, Dar es Salaam.

Baadhi ya vijiji havikuingoja gridi. Huko Ludewa, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa kabla Mkoa wa Njombe haujaanzishwa mwaka 2012, watumiaji wa Lupande, Madunda na Mawengi waliunda chama chao, LUMAMA, wakaendesha umeme wa maji wao wenyewe. Huko Mufindi, mtambo wa Mwenga wa megawati 4 ulianza kazi mwaka 2012 kwa ajili ya chai na vijiji vya jirani, na ziada huuzwa kwa shirika la umeme, TANESCO.

Ndani ya nyumba, kifaa cha kwanza kilichojiamulia mambo kilikuwa mita ya LUKU, ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, iliyoanza kuenea miaka ya 1990. Usanifu wake unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Tokeni ya tarakimu 20 hubeba idadi ya uniti na muda ilipotolewa, vikiwa vimefichwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu. Mita huufumbua ujumbe yenyewe, huhakikisha haujawahi kutumika, kisha huongeza uniti. Haihitaji intaneti wala laini ya simu. Kwa hiyo kijana aliye Dar es Salaam anaweza kununua umeme, akamsomea mama yake tarakimu kwa simu, naye akazibonyeza kwenye rimoti kule Tukuyu.

Muda wa kutolewa tokeni huhesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, katika nafasi ya biti 24, na hesabu ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Kabla ya siku hiyo mita za mfumo huu duniani kote zilihitaji kubadilishiwa ufunguo. Kwa kuwa mita hazikuunganishwa na kituo chochote, hapakuwa na njia ya kuzibadilisha kutoka mbali. Wateja waliingiza tarakimu za ziada wenyewe, nyumba kwa nyumba.

Udhaifu wa LUKU uko kwenye mauzo. Mei 2021 mfumo wa kuuza tokeni ulikwama kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na uniti aliendelea kupika na kuwasha taa. Aliyeishiwa alikaa gizani ingawa nguzo ilikuwa na umeme.

Swichi na balbu za kuwashwa kwa simu zilikuja na usanifu ulio kinyume kabisa. Mara nyingi amri ya mtu aliye sebuleni huenda kwanza kwenye seva ya mtengenezaji ng'ambo, kisha hurudi kwenye balbu iliyo juu ya kichwa chake, na seva hubaki na kumbukumbu za saa anazolala na kuamka. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilizorota vibaya, na huduma yoyote ya namna hiyo ikawa mashakani. Seva nayo inaweza kufungwa kwa uamuzi wa kibiashara: mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizima huduma ya Revolv ya kuongoza vifaa vya nyumbani, na vifaa ambavyo watu walikuwa wamevilipia vikawa havina kazi.

Programu huria za kuongoza vifaa vya nyumbani zilirudisha uamuzi nyumbani. openHAB ilianzishwa na Kai Kreuzer mwaka 2010, na Home Assistant na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012, inatosha kuendesha mojawapo. Chipu ya bei nafuu ya ESP8266, ya mwaka 2014, iliwapa mafundi njia ya kutengeneza swichi zao. Tangu mwaka 2024 Home Assistant iko chini ya Open Home Foundation, taasisi isiyo ya faida iliyoko Uswisi.

Kwa nyumba ya Iringa au Mbeya, mahali pazuri pa kuanzia ni pampu ya tangi au hita ya maji, ambayo kwenye baridi ya Juni hula uniti nyingi kuliko taa zote. Kompyuta ndogo huunganishwa na ruta, na zote mbili huwekewa betri. Swichi huchaguliwa ile inayopokea amri ndani ya mtandao wa nyumbani. Nyaya za hita na pampu hufungwa na fundi umeme mwenye leseni, maana mkondo wa vifaa hivyo ni mkubwa. Swichi ya ukutani huachwa ikifanya kazi kama zamani. Bando likiisha, hita bado huwaka saa 11 alfajiri na kuzimwa saa 12, na ratiba hiyo haijulikani na yeyote nje ya nyumba.