Hedifoni na Vigezo vya Ubora Wake: Tangu Swichibodi hadi Bluetooth

Hedifoni za kwanza hazikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Zilikuwa vitendea kazi vya opereta wa simu aliyehitaji mikono yake miwili, na baadaye vya baharia aliyekuwa akisaka mlio hafifu wa simu ya upepo. Muziki ulikuja kuzikuta zikiwa tayari na umbo lake. Ndiyo maana mambo yanayotazamwa leo katika kuchagua hedifoni, yaani uzito, ukinzani wa umeme, vikombe vya wazi au vya kufunika, na uwezo wa kuzima kelele, hayakuzaliwa pamoja. Kila moja lilizuka pale mtengenezaji fulani alipokabiliana na shida ya msikilizaji fulani. Anayeijua shida hiyo anajua pia kama jambo hilo linamhusu au halimhusu.

Uzito ndio uliotangulia. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876, na muda si mrefu miji ya Marekani ikawa na vituo vyenye swichibodi, ambako opereta waliunganisha wapigaji kwa kuchomeka na kuchomoa nyaya. Katika miaka ya 1880, Ezra Gilliland aliwatengenezea kifaa cha kubeba begani chenye kisikilizio cha sikio moja. Kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 4. Opereta walikivaa kwa sababu hapakuwa na kingine. Swichibodi hizo ziliacha urithi ambao haujafa: pini nene ya milimita 6.35 inayotumika hadi leo kwenye studio na amplifaya inatokana nazo, nayo ile nyembamba ya milimita 3.5 ni mdogo wake aliyeenea pamoja na redio za transista.

Sikio la pili lilipata kazi mjini Paris. Katika Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme ya mwaka 1881, mhandisi Mfaransa Clément Ader alipanga vinasa sauti mbele ya jukwaa la jumba la Opera, vingine kushoto na vingine kulia, akavuta nyaya hadi kwenye ukumbi wa maonyesho. Kila mgeni alipewa visikilizio viwili, kimoja kwa kila sikio, na sauti ya kila kimoja ilitoka upande wake wa jukwaa. Watu walisikia waimbaji wakihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hiyo ilikuwa stereo, miongo mingi kabla ya santuri za stereo. Kuanzia mwaka 1890 kampuni ya Théâtrophone iliifanya biashara: wateja walitumbukiza sarafu kwenye mashine zilizowekwa mikahawani na hotelini, na wenye uwezo waliunganishiwa nyumbani. Mwandishi Marcel Proust alikuwa mmoja wa waliojiandikisha. Huduma hiyo ilidumu hadi mwaka 1932. Mfaransa mwingine, Ernest Mercadier, alipata mwaka 1891 hataza ya visikilizio vidogo vya kuingiza tunduni mwa sikio, vyenye uzito wa gramu 50 hivi. Wazo la hedifoni za kuchomeka sikioni, kwa hiyo, lina umri mkubwa kuliko utangazaji wa redio.

Mtu aliyeipa hedifoni sura inayotambulika leo, visikilizio viwili vilivyoshikwa na ukanda unaopita juu ya kichwa, ni Nathaniel Baldwin wa Utah. Mwaka 1910 Jeshi la Majini la Marekani lilipokea barua yake iliyoandikwa kwa wino wa zambarau, pamoja na hedifoni alizoziunda jikoni kwake. Maafisa walizijaribu wakastaajabu, kwa kuwa zilitoa sauti ya kutosha kwa umeme mdogo mno. Walipotaka kuagiza, Baldwin aliwajibu kwamba anaweza kutengeneza kumi tu kwa mara moja. Walipomshauri aombe hataza ya ukanda wa kichwani, alikataa kwa kuona ni jambo dogo. Jambo hilo dogo liko leo juu ya mamilioni ya vichwa. Sifa iliyowavutia maafisa hao ni usikivu: kiasi cha sauti ambacho hedifoni hutoa kwa kiasi fulani cha umeme.

Usikivu huo ulienda sambamba na ukinzani, unaopimwa kwa omu. Redio za fuwele za miaka ya 1920 hazikuwa na betri wala amplifaya. Zilikula umeme wa mawimbi yenyewe yaliyonaswa na waya wa antena. Ili kupata mlio kutokana na umeme mdogo kiasi hicho, watengenezaji walizungusha waya mwembamba mara nyingi sana kwenye koili, na hedifoni zenye omu 2000 zikawa jambo la kawaida. Namba hizo zimeshuka, lakini kanuni imebaki. Hedifoni za omu 16 hadi 32 zinaimba vizuri zikichomekwa kwenye simu ya mkononi. Zile za omu 250 au 600 zilikusudiwa mitambo ya studio yenye volti za kutosha, na zikichomekwa kwenye simu hutoa sauti ndogo iliyokosa uhai. Watu wengi wamezilaumu hedifoni nzuri kwa kosa la kifaa kilichozilisha umeme.

Hadi hapo sauti yenyewe ilikuwa duni. Ndani ya kisikilizio mlikuwa na kibati cha chuma kilichovutwa na sumaku, kikipiga kelele katika baadhi ya noti na kukaa kimya katika nyingine. Usemi ulieleweka, muziki uliumia. Eugen Beyer, aliyeanzisha kampuni yake mjini Berlin mwaka 1924, alileta dawa mwaka 1937 kwa hedifoni za DT 48. Humo koili nyepesi ilibandikwa kwenye kiwambo chembamba na kuning'inizwa ndani ya uga wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili husogea mbele na nyuma, na kiwambo kikasukuma hewa. Hedifoni nyingi sana zinazouzwa leo, za bei yoyote, zinafanya kazi kwa njia hiyo. DT 48 yenyewe iliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 70.

Pamoja na hayo, mpenzi wa muziki wa kawaida hakuwa na hedifoni zake hadi mwaka 1958. Mwaka huo John Koss wa Milwaukee, akishirikiana na mhandisi Martin Lange, alitengeneza gramafoni ya kubebeka yenye swichi ya faragha, ili mtu asikilize bila kuwasumbua wenzake. Hedifoni za SP/3 zilikuwa kikolombwezo tu cha gramafoni hiyo. Kwenye maonyesho ya vifaa vya sauti mjini humo mambo yaligeuka: watu waliipita gramafoni na kuzing'ang'ania hedifoni. Wakati ulikuwa umewadia, kwa kuwa santuri za stereo ziliingia sokoni mwaka huohuo, na msikilizaji aliyevaa SP/3 alisikia kushoto na kulia kwa uwazi ambao spika mbili sebuleni hazikuweza kumpa kwa urahisi.

Hedifoni za Koss zilifunika sikio lote na kuziba hewa. Kufunika huko kuna faida moja kubwa, nayo ni besi. Mawimbi ya besi yanahitaji hewa iliyofungiwa kati ya kiwambo na ngoma ya sikio, na upenyo mdogo tu, hata ule unaoachwa na miwani au nywele nyingi, unatosha kuyavujisha. Kanuni hiyo inahusu pia hedifoni za kuchomeka sikioni: mtu anayelalamika kwamba zake hazina besi mara nyingi amevaa mpira wa kipimo kisichomfaa. Hasara ya kufunika ni joto, jasho, na sauti inayogongagonga ndani ya kikombe hadi muziki ukasikika kana kwamba umefungiwa kichwani.

Jibu la hasara hiyo lilitoka Wennebostel, kijiji kilicho karibu na Hannover, ambako Fritz Sennheiser alikuwa ameanzisha maabara yake mwaka 1945. Hedifoni za HD 414 za mwaka 1968 zilikuwa za kwanza za wazi. Badala ya vikombe vizito zilikuwa na sponji ya manjano tu juu ya plastiki yenye matundu, na sauti ilitoka nje ikiwa huru kama ilivyoingia sikioni. Zilikuwa nyepesi, hazikupasha masikio joto, na muziki ulionekana kuenea nje ya kichwa. Ziliuzwa zaidi ya jozi milioni 10. Tangu wakati huo swali la kwanza la mnunuzi limekuwa hilo: za wazi au za kufunika? Za wazi hazifai kabisa ndani ya daladala au matatu, kwani kelele zote huingia na jirani husikia kila kitu. Chumbani palipo na utulivu, hakuna za kufunika za bei sawa zinazozifikia kirahisi kwa uasilia wa sauti.

Njia nyingine za kusukuma hewa zilijaribiwa pia. Stax ya Japani ilianza kuuza hedifoni za umemetuli mwaka 1960, na Yamaha ikatoa mwaka 1976 HP-1 yenye kiwambo bapa chenye koili iliyochapwa juu yake. Zote ziliwavutia wenye fedha, na bado zinawavutia.

Badiliko lililogusa umma lilitoka Sony. Tarehe 1 Julai 1979 kampuni hiyo ilianza kuuza Walkman TPS-L2 kwa yeni 33,000. Kicheza kaseti hicho kidogo cha kubebeka kisingekuwa na maana kama msikilizaji angevaa hedifoni za gramu 300 au 400, na bahati nzuri wahandisi wengine wa Sony walikuwa wameshaunda hedifoni za gramu 50 hivi, zenye sponji ndogo. Mwenyekiti wa kampuni, Akio Morita, aliona kusikiliza peke yako ni utovu wa adabu, hivyo Walkman ya kwanza ikawekewa matundu mawili ya hedifoni pamoja na kitufe cha kupunguza muziki ili wawili wazungumze. Wanunuzi hawakujali. Muziki ukawa wa mtu mmoja anayetembea barabarani, na wepesi ukaanza kushindana na ubora wa sauti, mara nyingi ukiushinda.

Barabara, treni na ndege zina kelele, na kelele zilizaa kigezo kingine. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa Marekani, alikuwa akirudi nyumbani kutoka Zurich. Alivaa hedifoni alizopewa ndani ya ndege, asisikie muziki kwa ngurumo ya injini, akaanza kupiga hesabu safarini humohumo. Wazo lilikuwa kuinasa kelele kwa maikrofoni ndogo na kutoa wimbi lililo kinyume chake ili mawili hayo yafutane. Hedifoni za marubani za kampuni yake zilifika sokoni mwaka 1989, na za abiria, QuietComfort, mwaka 2000. Mbinu hii huzima vizuri ngurumo nzito isiyobadilika. Mazungumzo ya watu na kilio cha mtoto hupunguzwa zaidi na pedi zinazoziba vizuri. Kwa asiyesafiri, uwezo huo ni gharama isiyo na kazi.

Swali gumu kuliko yote lilichelewa kupata jibu: hedifoni nzuri zinapaswa kusikikaje? Spika hupimwa katika chumba kisicho na mwangwi, na iliyo bora hutoa noti zote kwa kiwango sawa. Hedifoni hukaa juu ya sikio lenyewe na kuruka mchango wa kichwa, mabega na kuta, hivyo zikitoa noti zote sawasawa husikika zimepooza. Mwaka 1986 Mjerumani Günther Theile alipendekeza ziigize sauti inayolifikia sikio kutoka pande zote za chumba. Watengenezaji wengi walimfuata, lakini wasikilizaji wengi waliona sauti hiyo ni kali na haina besi. Kuanzia mwaka 2012, watafiti Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman waliwaketisha watu wa aina mbalimbali wakiwa hawajui wanasikiliza hedifoni zipi, wakagundua kwamba wengi hupenda sauti inayofanana na ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri. Mchoro wa masafa waliouchora umekuwa rejea ya watengenezaji wengi.

Vipimo hivyo vilifichua pia jambo kuhusu bei. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha ulinganisho wa hedifoni zaidi ya 280 ulioonyesha kwamba uwiano wa sauti za besi, za kati na nyembamba hauhusiani na bei. Mwenye kulipa zaidi mara nyingi hulipia malighafi, sura na jina. Matokeo hayo yana uzito wa pekee katika masoko yenye bidhaa bandia nyingi, ambako jina kubwa kwenye boksi halithibitishi hata kilichomo ndani. Kipimo cha kuaminika ni kuzijaribu kwa wimbo unaofahamika vyema, wenye sauti ya mtu, gitaa na besi, na kusikiliza kama mwimbaji anasikika kama binadamu.

Jina, hata hivyo, lilipata nguvu mpya mwaka 2008 pale mwanamuziki Dr. Dre na mtayarishaji wa muziki Jimmy Iovine walipozindua Beats, hedifoni za besi nzito zilizovaliwa kama pambo. Apple iliinunua kampuni hiyo mwaka 2014 kwa dola bilioni 3. Miaka miwili baadaye iliondoa tundu la milimita 3.5 kwenye iPhone 7 na kuleta AirPods, na watengenezaji wengi wa simu wakafuata. Bluetooth hubana data ya muziki kabla ya kuirusha, ingawa kwa wasikilizaji wengi hasara hiyo ni ndogo kuliko ile ya pedi zisizoziba.

Afya ya masikio inapaswa kuhesabiwa pia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima kiwango kisichozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezwa hukata muda huo nusu. Hedifoni zinazozuia kelele za nje husaidia, kwani msikilizaji hahitaji kupandisha sauti ili kuishinda injini ya basi.

Jambo la mwisho ni uhai wa kifaa. Betri ndogo za hedifoni nyingi za kuchomeka zisizo na waya zimefungiwa ndani, na zikichoka baada ya miaka michache jozi nzima hutupwa. HD 600 ya Sennheiser, iliyotoka mwaka 1997, bado iko sokoni, na pedi, waya hata visikilizio vyake hubadilishwa nyumbani bila fundi. Kwa anayesafiri kila siku, zisizo na waya na zenye kuzima kelele ndizo zinazomfaa. Anayetaka kusikiliza muziki akiwa ametulia nyumbani achague zenye waya, za wazi, zenye vipuri vinavyopatikana.