Retina na mtoto wa jicho si kitu kimoja

Retina ni tabaka jembamba la neva lililotandazwa kwenye ukuta wa ndani, nyuma ya jicho. Unene wake haufiki nusu milimita. Mwanga ukishapita kwenye mboni na lenzi hutua hapo, hugeuzwa kuwa ishara za umeme na kupelekwa kwenye ubongo. Jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini rete, yaani wavu. Waarabu nao huiita shabakiya, kutoka shabaka, wavu uleule. Kiswahili kimelikopa neno retina bila kulibadili na kuliingiza katika ngeli ya i-zi: retina imechanika, retina zimeharibika.

Kuieleza kwa kusema tu "utando wa jicho" kunapotosha. Utando, kwa msemaji wa kawaida, ni kitu kinachofunika, kama utando wa maziwa. Mzee wa Unyambwa, Singida, akiambiwa utando wa jicho lake una kasoro, ataelewa kuna kitu cha kuondolewa ili aone, na mawazo yake yatakwenda kwenye mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi; mara nyingi huweza kusubiri upasuaji, na uoni ukarudi. Retina iliyokufa hairudi. Kwa hiyo tuseme retina, na tukitaka kufafanua tuseme tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga.

Retina haina neva za maumivu, hivyo huharibika kimyakimya. Kisukari hudhoofisha mishipa yake midogo ya damu mpaka ikavuja. Mgonjwa anaweza kusoma herufi zote za ubao wa kupimia macho ilhali damu imeshaanza kuvuja ndani. Ndiyo maana mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri: anatiwa matone ya kupanua mboni, kisha daktari anaimulika retina na kuiona mishipa yenyewe. Baada ya matone hayo macho huwa na ukungu kwa saa kadhaa. Asiendeshe pikipiki kurudi nyumbani.

Zipo dalili zisizongoja kesho: vimulimuli vya ghafla, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, kivuli kama pazia kinachofunika upande mmoja, au jicho kupoteza nguvu ghafla bila maumivu. Huenda retina imechanika au inabanduka. Mtoto mdogo ambaye mboni yake inang'aa weupe naye apelekwe mara moja, kwani huenda ni saratani ya retina.

Kutoka Unyambwa, nenda siku hiyohiyo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Ukiandikiwa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, safari ya kupitia Babati na Arusha ni ndefu na ina gharama, lakini usiiahirishe mpaka baada ya mavuno. Mweleze mhudumu dalili zako na siku zilipoanza, kisha muulize waziwazi: "Retina yangu imepimwa?"