Ushuru, Bahari na Mahari: Historia Fupi kwa Biharusi Anayetaka Fungate ya Melini



Juma lililopita mtoto wa kaka yangu alinipigia simu jioni, baada ya Magharibi. Harusi yake iko karibu, alhamdulillah, na mchumba wake anafanya kazi Uingereza. "Shikamoo shangazi," akasema, "nataka ushauri." Nikamwitikia marahaba, nikakaa vizuri maana nilijua ni maneno marefu.

Bwana harusi amemwahidi fungate katika meli ya kitalii, kisha wateremke pamoja London, waanze maisha. Amempa safari mbili achague. Ya kwanza inazunguka visiwa vya Karibi na kupita St. Thomas. Ya pili ni ya Ghuba, inapita Dubai na Muscat. Mwanangu huyu alikuwa ameshaelekea Karibi, na sababu yake ilikuwa moja tu: amesikia huko ni visiwa vya bila ushuru, na meli ina maduka ya bila ushuru. Anataka kuichukua mahari yake yote, anunue seti ya dhahabu melini. "Shangazi, si itakuwa rahisi sana?"

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwambia anipe siku mbili, kisha nikamhadithia historia ninayowahadithia nyinyi leo. Mahari haitolewi mara mbili, na neno "bila ushuru" lina mambo mengi nyuma yake.

Ushuru hutozwa mzigo unapoteremka

Tuanzie kwetu. Sote tunakwenda Forodhani kupunga upepo na kula urojo, lakini wachache tunafikiri jina lile limetoka wapi. Forodha ni mahali mizigo ya baharini inapoteremshwa na kutozwa ushuru. Zama za Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja, forodha ndiyo iliyokuwa mfuko wa serikali. Ukusanyaji wa ushuru wenyewe alikodishwa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji, aliyelipa kodi kwa Sayyid na kujikusanyia kutoka kwa wenye mali.

Mwaka 1833, mjini Muscat, Sayyid Said aliwekeana mkataba na Wamarekani. Walikubaliana kwamba meli ya Marekani italipa ushuru wa asilimia 5 kwa mzigo ulioteremshwa. Angalieni hilo neno, ulioteremshwa. Mzigo uliobaki ndani ya meli haukuhesabiwa. Kwa njia hii merikani, kile kitambaa cha pamba ambacho bibi zetu walikivaa kabla ya kanga kuenea, kiliingia kwetu kwa wingi. Mwaka 1840 Sayyid naye akapeleka meli yake, Sultana, hadi New York chini ya Ahmad bin Naaman, ikiwa na tende, kahawa, karafuu, pembe za ndovu na ngozi.

Basi kanuni ni ya zamani. Ushuru hutozwa pale kitu kinapoingia nchini. Kikiwa baharini, bado hakijaingia nchi yoyote. Duka la melini limejengwa juu ya kanuni hii hii.

Visiwa vilivyofungua mlango

Baadhi ya watawala waliona faida kubwa zaidi katika kuuacha ushuru ili meli nyingi zije. St. Thomas, kisiwa anachokitaka mwanangu, kilikuwa mali ya Denmark. Kilianza kufanywa bandari huru mwaka 1764, na utajiri wake wa wakati ule ulichanganyika na uchungu, kwa sababu watumwa nao waliuzwa pale kama bidhaa. Sisi wa Unguja hatuna haja ya kuelezwa uchungu huo. Mwaka 1917 Marekani ilivinunua visiwa hivyo kwa dola milioni 25, na desturi ya biashara huru ikaendelea.

Unguja nayo ilitangazwa bandari huru mwaka 1892, chini ya himaya ya Waingereza, lakini haikudumu, ushuru ulirudi kabla ya karne ile kwisha. Dubai ilifanya hivyo mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Sheikh Maktoum bin Hasher. Upande wa pili wa Ghuba, katika bandari ya Lingah, ushuru ulikuwa umepandishwa, na wafanyabiashara wengi wakahamia Dubai pamoja na familia zao. Soko la dhahabu linalowavuta maharusi leo lina mizizi katika uhamaji wa aina hiyo.

Meli ilipokuwa mahali pa kupumzikia

Wazee wetu hawakupanda meli kwa starehe. Walipanda kwa biashara, kwa kutafuta maisha, na wenye uwezo kwa kwenda Hija. Safari ya kuzunguka tu na kurudi ulipotoka ilianzia Ulaya. Kampuni ya P&O ilikuwa ikiwachukua watu kutazama miji ya Bahari ya Mediterania tangu mwaka 1844. Kisha mwaka 1891 Albert Ballin wa Hamburg akaona meli yake kubwa, Augusta Victoria, inakosa abiria majira ya baridi, maana wachache walitaka kuvuka Atlantiki kwenye dhoruba. Akaipeleka kusini kwenye jua kwa muda wa karibu miezi miwili, ikiwa na wasafiri zaidi ya 200. Watu wakapenda, na biashara ikaanza.

Sasa tunafika pale nilipotaka mwanangu anisikilize vizuri. Ni bidhaa gani iliyoyajenga maduka ya bila ushuru? Si dhahabu, wala si vitenge. Ni ulevi na tumbaku. Serikali nyingi hutoza kodi nzito sana kwa vitu hivyo viwili, kwa hiyo kodi ikiondoka, bei huanguka kweli. Marekani ilipopiga marufuku pombe, kati ya mwaka 1920 na 1933, meli za bendera za kigeni ziliwachukua watu safari fupi za kwenda baharini na kurudi, ili tu wakanywe nje ya mpaka wa sheria. Mwaka 1947 Ireland ikapitisha sheria ya kuufanya uwanja wa ndege wa Shannon uwe huru na ushuru, na Brendan O'Regan akafungua pale duka ambalo viwanja vya ndege duniani vimeliiga.

Kuna kisa kimoja cha Ulaya ya kaskazini ninachokipenda. Umoja wa Ulaya ulifuta mauzo ya bila ushuru kati ya nchi wanachama ifikapo mwisho wa Juni 1999. Wenye meli za kati ya Stockholm na Helsinki wangekosa mapato makubwa. Lakini katikati ya njia kuna visiwa vya Åland, ambavyo ni sehemu ya Finland ila viko nje ya eneo la kodi la Umoja huo. Meli zikaanza kutia nanga pale, nyingine usiku wa manane abiria wamelala, dakika chache tu, kisha zikaondoka. Kituo kile kinatosha kuyafanya maduka ya melini yaendelee kuuza bila ushuru. Kwa hiyo si jambo geni duka kumchagulia msafiri njia. Nilimwambia mwanangu, "Usikubali duka likuchagulie na wewe."

Hesabu ya biharusi

Baada ya historia tukachukua kalamu.

Kwanza, punguzo haliwezi kuzidi kodi iliyokuwepo. Dubai kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 5 tangu mwaka 2018, na Oman ni asilimia 5 tangu mwaka 2021. Asilimia ile ile ya mkataba wa 1833, subhanallah. Kwa hiyo seti ya shilingi milioni 4, hata ikiondolewa kodi yote, inapungua karibu laki 2. Dhahabu yenyewe bei yake inafuata soko la dunia kwa gramu na karati. Kinachotofautiana duka na duka ni ufundi, na tofauti ya ufundi inaweza kuzidi hiyo laki 2. Sokoni nchi kavu una maduka mengi ya kulinganisha. Melini duka la dhahabu mara nyingi ni moja, na huna pa kwenda. Isitoshe, maduka ya melini kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini, kwa sababu hapo imeingia kwenye sheria za nchi. Saa unayoweza kulinganisha bei, wao wamefunga.

Pili, "bila ushuru" ni kwa pale unaponunua, si kwa pale unapofika. Wakaazi wa Marekani wanaorudi kutoka St. Thomas wanaruhusiwa kuingiza vitu vya dola 1,600 bila kutozwa, wakati wanaotoka nchi nyingine nyingi huruhusiwa dola 800. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya kisiwa kile, na ni ya wakaazi wa Marekani, si yako wewe wa Unguja. Mwanangu atateremka London, na kwa sasa Uingereza inaruhusu vitu vya kawaida vya paundi 390 tu. Kitu kimoja kikizidi hapo, kinatozwa kwa thamani yake yote. Seti aliyoiona rahisi ingemgharimu upya mbele ya afisa wa forodha. Anayerudi nyumbani pia aulize kiwango cha forodha ya nyumbani kabla hajaondoka, na risiti asiitupe.

Tatu, viza. St. Thomas ni ardhi ya Marekani, hivyo pasi yetu inahitaji viza ya Marekani hata kama meli inasimama siku moja. Muscat na Dubai nazo zina taratibu zake. Ulizeni kwa kila bandari, msitosheke na tiketi ya meli.

Nne, na hili ndilo lililomnyamazisha kabisa. Melini hulipi pale kaunta. Unatoa kadi ya chumba chako, inaandikwa, na hesabu yote inakuja mwisho wa safari. Kwa marashi au mtandio hakuna neno. Lakini wanazuoni wengi wanasema dhahabu na pesa zibadilishwe mkono kwa mkono, papo kwa papo, bila kucheleweshwa. Kununua mkufu leo na kulipa baada ya siku saba ni jambo la kumuuliza sheikh wako kabla hujaingia dukani, si baada ya kuuvaa.

Na mahari ni yako, mwanangu. Surat An-Nisaa, aya ya 4, imewaamrisha waume wawape wanawake mahari yao kwa moyo safi. Si ya baba, si ya mume, na wala si ya duka la melini. Ukitaka kuinunulia dhahabu, ni haki yako. Ukitaka kuiweka mpaka uujue mji unaokwenda kuishi, ni haki yako pia, na mume mwema hatakukasirikia.

Alichagua nini?

Nilimuuliza, "Tuseme meli haina duka hata moja. Ungependa kuamka asubuhi uione bandari gani?"

Akacheka, akanyamaza kidogo, kisha akasema Muscat. Babu wa mamake alitoka pande zile, na tangu utotoni anasikia habari za Mutrah, ile bandari iliyozungukwa na majabali, na soko lake la udi na ubani nyuma ya pwani. Misikiti iko karibu, chakula hakimtii wasiwasi, na atasikia Kiswahili kwa Waomani waliowahi kuishi kwetu. Hayo yote hayamo katika orodha ya bei ya duka lolote.

Basi safari ni ya Ghuba, inshallah. Atabeba sehemu ndogo tu ya mahari, ya bangili moja atakayoipima mwenyewe sokoni na kuilipia pale pale. Nyingine ameiacha kwa mamake mpaka atakapotulia. Melini atanunua marashi ya wakwe, maana mtu haendi safari akarudi mikono mitupu.

Na wewe unayesoma ukiwa na hina mkononi, kabla hujauliza meli ina maduka mangapi, uliza inatia nanga wapi, kwa saa ngapi, na baada ya hapo unateremkia forodha ya nani. Bibi zetu waliopokea majora ya merikani pale Forodhani walijua kwamba bei ya kitu haijesha mpaka kimevuka forodha.

Allah awabariki maharusi wote, awape safari ya salama na nyumba zenye mapenzi na huruma. Amin.