Njia ya baiskeli porini ilitulisha wakati wa vita, sasa inakufa

Kila msimu wa mvua swali ni lile lile huku Ituri na upande wa Beni: njia inapitika? Familia iliyokimbia kijiji chake na inayotaka kurudi kwa siku moja kuchuma sombe na kukata ndizi haiulizi habari za barabara kubwa. Inauliza habari za kile kijia cha porini ambacho baiskeli, au kinga kama wengi tunavyoiita, inaweza kusukumwa ikiwa na mfuko wa muhogo mgongoni. Vijia hivyo vina historia ndefu. Ni vizuri tuikumbuke, kwa sababu vinaharibika mbele ya macho yetu.

Mwaka 1887 Stanley alipita pori la Ituri akitokea Yambuya, kwenye mto Aruwimi, pamoja na wapagazi wengi wa Zanzibar. Walianza safari mwezi wa sita, wakatokea kwenye nchi ya majani mwezi wa kumi na mbili. Wengi walikufa njiani kwa njaa, magonjwa na mishale. Wao waliliona pori kama mahali pasipo na njia. Lakini Wambuti walikuwa na njia zao za kuwinda, na Wabila, Wabudu na Walese walikuwa na njia za kwenda mashambani na za kubadilishana nyama na ndizi. Wenyeji walipita humo kila siku.

Mwaka uliofuata, 1888, mganga wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop, aliyeishi Belfast, alipata hati ya tairi yenye hewa. Alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya kibaiskeli cha mtoto wake. Baada ya hapo watu wa Ulaya na Marekani walinunua baiskeli kwa wingi, na mpira ukatafutwa kila mahali. Wakati huo Congo ilikuwa mali ya mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Raia walilazimishwa kuingia porini kukamua mpira kwenye mitambaazi. Kijiji kilichokosa kufikisha kipimo kilipigwa kiboko, wanawake walifungwa kama rehani, na watu walikatwa mikono. Hali hiyo ilileta kelele duniani, na mwaka 1908 nchi ikachukuliwa na serikali ya Ubelgiji. Kwa hiyo pori letu lililipia baiskeli za wengine kabla babu zetu hawajapanda hata moja.

Wabelgiji walifungua barabara za magari kwa kazi ya nguvu, na vijiji vingi vilihamishwa kutoka ndani ya pori vikapangwa kando ya barabara ili iwe rahisi kuvitoza kodi. Kila kipande cha barabara kilikuwa na kantonye wake wa kufyeka majani na kuzibua mifereji. Miaka kadhaa baada ya uhuru wa 1960 kantonye hawakulipwa tena. Mifereji ikaziba, mvua ikafanya kazi yake, na malori yakaanza kulala matopeni kwa majuma.

Halafu vita vya 1996 na vya 1998 vikaja. Barabara ya kitaifa namba 4, inayotoka Kisangani kupita Nia-Nia, Mambasa na Komanda hadi Beni, ikawa pori tena. Ndipo baiskeli ikachukua nafasi ya lori. Vijana waliondoa kanyagio, wakafunga fimbo ndefu kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, wakatembea kwa miguu wakisukuma mizigo mizito kupita uzito wao wenyewe. Walipeleka mawese na mchele, wakarudi na chumvi, sabuni, nguo na dawa. Safari ilikuwa ya mamia ya kilometa, na usiku walilala vijijini njiani. Huko Kisangani kwenyewe baiskeli za kubeba abiria zilipewa jina la toleka, neno la Kilingala lenye maana ya tupite. Barabara ilitengenezwa tena katika miaka ya 2000, lakini watu wengi hawajaisahau kazi ya wasukumaji wale.

Kwa nini njia hizo zilidumu na mvua yote ile? Kwa sababu ya miti. Chini ya miti mikubwa tone la mvua huvunjika kwenye majani kabla ya kufika chini. Majani makavu hulifunika udongo, mizizi huushika, na maji huingia taratibu. Njia inakuwa laini na yenye utelezi, lakini inabaki njia. Mtu anajua wapi ainue gurudumu juu ya mzizi na wapi pana gogo la kuvukia kijito.

Sasa angalia panapokatwa mbao. Mti wa libuyu au mvule ukianguka unaangusha na mingine. Jua na mvua vinapiga udongo moja kwa moja. Mbao zinakokotwa palepale kwenye njia, na pale lori linapoweza kuingia, matairi yanachimba mifereji miwili inayogeuka vijito. Magogo ya kuvukia yanavunjika, na baiskeli inazama hadi katikati ya gurudumu.

Biashara hii si ya jana. Mwaka 2001 wataalam wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya mbao za mashariki ya Congo zilizopelekwa Uganda wakati wa vita. Mwaka 2002 serikali ilisimamisha kutoa vibali vipya kwa makampuni makubwa, na sheria ya misitu ikatoka mwaka huo huo. Lakini misumeno ya mota ya wakataji wadogo iliendelea, na mbao bado zinavuka mpaka. Wenye silaha nao wametoza kodi humo.

Tuseme ukweli pia: si wageni peke yao. Kijana anayesukuma ubao kwa baiskeli leo ni mtoto wetu, na mara nyingi ni mhamaji wa vita asiye na shamba. Pesa ya ubao inalisha nyumba jioni ile. Hatuwezi kumlaumu bila kumwonyesha kazi nyingine. Lakini naye ajue kwamba njia anayoibomoa ndiyo mama yake ataitegemea siku ya kurudi kijijini.

Chifu anayepokea mkataji anaweza kumwekea masharti mbele ya barza: asikokote mbao kwenye njia ya watu, aache miti iliyo kando yake na kando ya vijito, arudishe kila gogo la kuvukia alilovunja. Vijana wanaweza kufanya salongo kabla ya mvua kubwa, wazibue maji na kubadilisha magogo yaliyooza. Hayo hayangoji Kinshasa.

Amani ikirudi, watu hawatasubiri lori. Watarudi kama walivyokimbia, kwa miguu na kwa baiskeli, godoro na sufuria vikiwa vimefungwa nyuma. Siku hiyo watahitaji njia.